Ada ya Kunikutanisha na Jirani wa Ukuta Mmoja

Kwa Mkurugenzi,
Soko la Majina ya Tovuti.

Ndugu Mkurugenzi,

Kuhusu: Ada yenu mpya, ukuta wa jikoni kwangu, na mtoto anayetambaa

Natumai barua hii itakukuta mzima na umelala usingizi wa kutosha, jambo ambalo wengine tunalisikia kwa watu. Naandika kwa mkono mmoja, wa pili umeshika mtoto. Ukiona mstari umepanda mlima, ni yeye.

Mimi ni muuzaji mdogo katika soko lenu. Nanunua majina ya tovuti ambayo bado hayana mwenyewe, nayalipia kila mwaka yasipotee, nangoja atokee mwenye biashara anayelihitaji mojawapo. Ninayo kumi na moja. Kumi hayajawahi kuulizwa hata bei. La kumi na moja ni "vitandaimara", nalo limepata mteja. Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia, ingawa wewe bado hujui kuwa tunagombana.

Mwanzoni mwa mwezi mlituandikia kwamba "mnafurahi kutujulisha" kuwa ada mnayokata jina likiuzwa inapanda kutoka asilimia kumi na tano hadi thelathini. Niliisoma barua hiyo mara nne nikimtafuta anayefurahi. Nikaona bora nieleze malalamiko yangu kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa shule.

1. Mwajiri wangu, mwenye duka la dawa, amesema mwisho wa mwezi huu nirudi kaunta au nafasi yangu apewe mwingine. Jina hili likiuzwa, nakaa na mwanangu. Mambo ya pesa mimi huyapima kwa mtoto. Bei yote ingenifikisha mpaka akimbie. Mkikata kumi na tano, mpaka atembee. Mkikata thelathini, mpaka asimame dede. Na jana, Mkurugenzi, nimemkuta ameshika mguu wa kiti, anajipima. Nyinyi mnapandisha ada, yeye anapandisha magoti, mimi nimebanwa katikati.

2. Mnasema ada imepanda kwa sababu ya kazi kubwa ya kuwakutanisha muuzaji na mnunuzi. Kanuni zenu zinataka tusijuane, kila ujumbe upite kwa mshauri wenu wa mauzo, afute majina na namba za simu, ndipo aufikishe. Sawa, nilitii. Jumapili niliandika kuwa sipunguzi, jina hili halina pacha. Jumanne mtoto amelala, nyumba kimya, nikasikia nyuma ya ukuta wa jikoni jirani yangu seremala akimsomea mkewe kwa sauti ya mtu aliyekanyaga msumari: "Ati jina halina pacha! Kwani lilizaliwa hospitali gani?" Mkewe akamwambia apunguze sauti, mtoto wa jirani amelala.

Nilikaa chini, hapohapo kwenye ndoo.

3. Ndiyo. Mtu mliyenikutanisha naye kwa kazi kubwa ni mtu ambaye kamba yangu ya nguo imefungwa kwenye msumari wake. Hata jina la Kifungo analoitwa mwanangu, ni yeye aliyempa, siku mtoto alipong'ang'ania kifungo cha shati lake akakataa kukiachia. Kati yetu pana tofali moja, tena jembamba. Ujumbe wangu unatoka jikoni kwangu, unakuja kwenu, unalala siku mbili, unarudi jikoni kwake. Jibu lake nalisikia Jumanne, nalipata kwa maandishi Alhamisi, na adabu inanilazimu nishangae upya.

4. Nikitaja adabu, hiyo mnayotuwekea haisaidii. Juzi niliandika neno moja tu, "Hapana." Mshauri wenu akaliona kali, akapeleka kuwa muuzaji ameithamini sana ofa yake. Ukutani nikasikia, "Ameithamini! Akiithamini si apunguze, mchoyo huyu?" Miaka mitatu ya ujirani sijawahi kuitwa mchoyo. Nimetukanwa kwa sababu ya adabu, na adabu yenyewe nailipia mimi.

5. Kama kinacholipwa ni kukutanisha, basi ukuta umefanya kazi kuliko ofisi yenu yote. Unafikisha papo hapo, haufuti neno, na haujawahi kufurahi kunijulisha chochote. Naomba usajiliwe kuwa wakala, upewe kumi na tano katika hizo thelathini. Mwenye nyumba nitaongea naye mimi.

6. Na nyundo pia ina haki yake. Jina hili nililipata nikiwa mjamzito, nimejilaza mchana, seremala anagonga mpaka glasi zinasalimiana kabatini. Nikawaza, mtu akigonga hivi, vitanda vyake lazima viwe imara. Nikainuka, nikalinunua. Nyundo ipewe kumi. Mtakaobaki na tano ni nyinyi, nayo iwe ya kufuta namba za simu.

7. Mkikataa kugawana na ukuta na nyundo, basi tugawane kazi. Anayechukua karibu theluthi ya mavuno naye ashike jembe. Asilimia thelathini ya siku ni saa saba na dakika kumi na mbili, nimemhesabisha baba Kifungo mara mbili. Tumeni mtu amshike mtoto muda huo kila siku. Aje na shati la kubadilisha, na asivae miwani.

Basi ombi langu ni moja kati ya mawili: ada irudi ilikokuwa, au niruhusiwe kugonga ukuta mara tatu, tuyamalize na jirani yangu ana kwa ana.

Nisalimie wahasibu wako, na mlinzi wa mlangoni ambaye hana kosa. Mshauri wa mauzo mwambie maneno yake ni mazuri, tatizo ni yanakofikia. Wa nyumbani kwako wote nawasalimu, na akiwamo mwenye mtoto mchanga, msalimie peke yake, tena kwa sauti ya chini.

Ni mimi, mwenye majina kumi na moja na usingizi wa kuazima,

Mama Kifungo

N.B. Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha mke wa seremala alipobisha hodi. Akamchukua mtoto mkononi bila kuombwa, kama kawaida yake, akanieleza kuwa mumewe kuna jina analitaka kwa biashara yake na mwenye jina ni jiwe. Akasema, "Mama Kifungo, angekuwa mtu tunayemjua tungemwambia atuachie kwa nusu bei, angetoa wapi uso wa kukataa?" Nilimtazama jinsi alivyombeba mwanangu, nikajua ni kweli, uso huo sina. Nusu bei, kwa kipimo changu, ni mtoto wa kutambaa na mimi kaunta. Halafu akasema mumewe ameshachoka kubishana, leo anatuma ujumbe wa kukubali bei yote.

Kwa hiyo, Mkurugenzi, ukuta msiusajili. Kateni thelathini zenu, ujirani ulikuwa unataka hamsini. Mshauri aendelee kufuta jina langu, na hilo neno "Mama" alifute pia. Mwenye duka la dawa nimeshamwambia atafute mtu mwingine. Na kwa kuwa dhamiri nayo ilikuwa inabisha hodi, nimeagiza kwa seremala kitanda kidogo cha mtoto, kwa bei atakayotaja, sitaki kupunguziwa hata kidogo. Mkewe alinishika mkono akasema, laiti huyo mwenye jina angekuwa na moyo kama wangu.