Kanisa Lililojaa Mimi

Leo nimeumbuka kanisani, tena kwa mdomo wangu mwenyewe. Nawaandikia ninyi tuliosoma pamoja chuo cha Biblia, mlioko Geita sasa, ili mlisikie kwangu kabla hamjaletewa na wachimbaji wanaopita hapa Didia.

Ukuta wa magharibi wa kanisa letu umepasuka. Ikija mvua kubwa utalala. Mchungaji na mimi tunataka tujenge kanisa jipya. Mzee Masanja, mzee wa kanisa mwenzangu, anataka tuzibe nyufa kwa udongo, na amekuwa akisema kila mahali kwamba hilo jipya litakuwa kanisa la Baba Kulwa. Baba Kulwa ni mimi. Leo baada ya ibada waumini walikuwa waamue: kujenga au kuziba.

Ili waone kwa macho tunachokisema, wiki hii nilikwenda Shinyanga mjini, kwenye studio ya picha ya familia moja ya Kihindi. Binti yao, Rehana, amerudi kutoka masomoni na kompyuta, na ndani yake mna programu ya kuchora majengo. Nilimpa vipimo vyetu. Niliporudi kwake akanionyesha kanisa kwenye kioo, lina paa la bati na madirisha, na unaona mpaka mimbari kana kwamba umesimama mlangoni. Nilimshukuru Mungu. Ila lilikuwa tupu.

"Binti yangu, kanisa tupu linahuzunisha," nikamwambia. "Tia watu."

"Watu waliomo humu ni Wazungu, Mzee. Wengine wamevaa kaptura."

"Basi tia watu wetu: akina mama, kwaya, watoto, na mzee mlangoni anayempokea mgeni."

Akanisimamisha mbele ya pazia, kofia mkononi, akanipiga picha moja. Nilidhani anataka kujua urefu wa mtu wa Didia.

"Mmoja anatosha," akasema. "Hili ni toleo jipya, Mzee. Linazidisha. Akiingia mtu mmoja, kanisa linajaa."

Nikasema amina. (Nilidhani ni neno la imani. Binti wa Kiislamu anatabiri mema juu ya kanisa letu, ningebisha nini?)

Jana nikaenda kuichukua. Ilikuwa karatasi nyingi zilizogundishwa, zikakunjwa na kufungwa kwenye gazeti. Nyumbani Mama Kulwa akasema, "Ifungue tuione." Nikakataa. Nilitaka waumini wote waione kwa pamoja, asije mtu akasema wa nyumbani kwangu walitangulia. (Unyenyekevu mtupu.)

Leo baada ya ibada wanakwaya wawili wakaishika, mmoja huku, mmoja kule, wakaikunjua mbele ya watu. Mimi nilisimama pembeni na fimbo yangu, nimewaelekea waumini. Sikuitazama. Nilijua kilichomo.

"Ndugu zangu," nikaanza, "wapo wanaosema hili ni kanisa la mtu mmoja. Tazameni wenyewe."

Wakakodoa macho. Nikafurahi. Nikaona wameguswa.

Nikaanza kuonyesha kwa fimbo bila kugeuka. "Hawa ni akina mama kwenye mabenchi yao. Hii ni kwaya. Hawa ni watoto wa shule ya Jumapili. Na mlangoni kuna mzee anampokea mgeni. Je, hamjioni humu?"

"Hatujioni," akasema Mzee Masanja.

"Tazama vizuri, mzee mwenzangu. Sura hizi ni za nani?"

"Zako."

Nikadhani ni kejeli zake za kawaida. Ndipo Mama Shija, kiongozi wa akina mama, akasimama, akapiga goti kidogo kwa heshima, si kwangu, kwa ile karatasi. "Mwangaluka, Baba Kulwa," akaisalimu kwa Kisukuma. "Mmeamkaje nyote?"

Sauti moja kwenye kwaya ikasema, "Tulijua amezaa mapacha. Hatukujua na yeye ni pacha."

Nikageuka.

Ndugu zangu, nilikuwa kila mahali. Nilikuwa mimbarini nikihubiri, na kwenye benchi la mbele nikijisikiliza. Kwaya ilikuwa mimi safu tatu. Mlangoni nilikuwa nimesimama nikijipokea. Kwa akina mama, Rehana alikuwa amenifunga kilemba. Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa mimi niliyepunguzwa kimo, lakini mvi zilibaki, na kofia mkononi.

Mchungaji alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika.

"Mlisema nina wivu," akasema Mzee Masanja akiwageukia watu. "Haya, nionyesheni mwingine humo."

 Niliona kanisa jipya limeshatushinda, na ukuta ule utatuangukia kwa ajili ya picha yangu. Nikainamisha kichwa nikamwomba Mungu, kwa kifupi.

Mama Shija alikuwa bado amesimama. "Mimi nasema tujenge," akasema, "tena upesi, tuwahi nafasi. Huyu anaongezeka."

Hapo kanisa zima likacheka, na Mchungaji akatoa leso usoni akaomba kura palepale, watu wakiwa bado wanajifuta machozi. Mikono ikapanda. Wa Masanja ulipanda mwisho, baada ya kukubaliwa kwamba mwenyekiti wa ujenzi awe yeye, nami nisiguse kitu kinachoitwa ramani. Niliponyoosha wa kwangu, mtu nyuma akauliza kama wangu uhesabiwe mmoja au wote.

Tutajenga. Namshukuru Mungu kwa njia aliyoichagua, ingawa angeniuliza ningependekeza nyingine.

Nawaomba msicheke. Mkishindwa kabisa kujizuia, mcheke yule mwenye kilemba. Aliye mimbarini ana mahubiri Jumapili ijayo.