Mara Ishirini na Tatu kwa Miguu

Jumatatu, 10 Februari

Sijamwambia mtu, hata mama. Kitabu cha kibanda cha juu mlimani kina jina langu mara ishirini na tatu msimu huu: Madlaina, nashuka kwa miguu. Uongo mtupu! Mara zote nimeshuka kwa gari la waya, lile linaloning'inia angani.

Ilianza kwa haya. Shangazi Neisa, mwenye kibanda, humsukumia kila mtu kitabu aandike anakoelekea, ili akichelewa watu waende kumfukua thelujini. Siku ile meza nzima ilikuwa inanitazama. Nikaona aibu kusema naogopa mteremko. Nikaandika. Uongo wa pili haukuwa mzito hata kidogo.

Leo balaa. Mzee Jachen, anayewaongoza wageni kushuka mlima kila Alhamisi, magoti yamemgomea. Kasema mrithi wake ni mwenye jina mara nyingi zaidi kitabuni. Kahesabu kwa kidole. Binamu yangu Braida, kumi na tisa. Mimi, ishirini na tatu! Kaniita mbuzi wake wa majabali. Alhamisi nitaongoza, yeye atafuata nyuma kunipima.

Naitaka kazi hii kuliko kitu chochote. Shule nimemaliza. Nikiikosa, nitapelekwa mjini Chur kwa mama yangu wa ubatizo, nikauze dawa za kikohozi na kuongea na watu mia kwa siku. Kiongozi wa mlimani huwapa watu mgongo. Kazi imeumbwa kwa ajili yangu!

Jumanne, 11 Februari

Braida kaja jikoni kwetu. Kala vipande vitatu vya keki ya jozi, kisha kauliza mbona buti zangu hazina hata mkwaruzo. Nikajibu nazipaka mafuta. Kasema haya, mbuzi wa majabali, usije tu ukawazika wageni wa watu. Kanyakua kipande cha nne.

Nimeazimia. Siku mbili zinatosha kujifunza njia.

Jumatano, 12 Februari

Asubuhi nimefika mwanzo wa njia. Mteremko ukanitazama. Nikautazama. Nikarudi.

Mpango bora: kujifunza njia kutoka angani! Nimepanda na kushuka na gari la waya mara tisa, nikichora. Kulia penye paa jekundu. Kushoto penye mti ulioanguka. Nyoosha hadi kanisani. Rahisi!

Curdin, mwendeshaji, kauliza kama nimepoteza kitu. Nikasema glavu. Safari ya sita kaniletea glavu. Ya mwanamume, ya kushoto. Nimeshukuru.

Alhamisi, 13 Februari

Usiku theluji ilianguka hadi kiunoni. Nani angejua!

Wageni sita. Nimeandika kitabuni: kwa miguu, pamoja na wageni. Braida kaandika chini yangu: kwa miguu, peke yangu. Kanikonyeza.

Nimeanza kwa hatua imara. Tatizo la kwanza: paa jekundu ni jeupe. Mapaa yote ni meupe! Isitoshe, kutoka angani kila nyumba ni paa, lakini ukiwa chini kila nyumba ni ukuta. Mti ulioanguka umefunikwa. Vijiti vya rangi ya waridi vinavyoonyesha njia vimebaki ncha tu, na mimi sikuwahi kuviona kutoka juu.

Kitu kimoja nikakitambua: waya. Waya unafika kijijini, hilo halina ubishi. Nikaufuata.

Waya haujali makorongo. Mgeni mmoja, mama wa mji wa Basel, kazama hadi kifuani, buti lake moja likabaki huko chini. Mzee Jachen kafika akihema, kaniambia kwa upole kwamba hapa, mwanangu, hupita ndege tu.

Ndipo gari la waya likapita juu yetu. Ndani yake, pua imebanwa kwenye kioo: Braida! Peke yake, kwa miguu!

Mzee kamtazama. Kavua kofia, kampungia.

Tumepanda dakika arobaini kurudi kwenye vijiti. Kisha tumeshuka kweli, Mzee mbele, mimi nimeshika mkoba wake, jicho moja nimelifumba. Jicho la pili liliona misonobari imeinama kwa theluji na bonde zima likimetameta. Pazuri sana. Sitaki kupaona tena.

Chini, Mzee katoa hukumu. Kitabu hakiamini tena. Kati yangu na Braida, wa kwanza kushuka mara kumi kabla watoto hawajapiga kengele za kufukuza baridi, tarehe mosi Machi, ndiye mrithi. Atatungoja mwisho wa njia, kwenye hori la kunyweshea ng'ombe, akague buti.

Mara kumi tu! Nitashuka. Naapa.

Jumamosi, 15 Februari

Nimeamka alfajiri, nimeazimia kuliko siku zote. Nimefika mwanzo wa njia. Braida alikuwepo, anautazama mteremko. Nami nikautazama.

Mwishowe kasema, bila kugeuka, kwamba buti hulowa hata ndani ya ndoo.

Tumeshuka na gari la waya, mfuko wa theluji mapajani. Tukapita nyuma ya kanisa, tukajipaka hadi magotini, tukatokea horini tukihema. Mzee kakagua. Kafurahi sana! Kasema sasa naanza kunukia mlima.

Moja imekwisha, zimebaki tisa. Tuko sare, lakini nina mpango: kesho nitabeba mifuko miwili, nijipake na kutokea horini mara mbili.

Wewe uliyeliokota daftari hili, tafadhali, nakuomba sana: usimwambie Mzee. Na Braida usimwambie habari ya mfuko wa pili.