Kiini Hakitoki Nje

Wananchi wote wa bonde la Kilombero wanatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba Idara ya Maelekezo, Ifakara, imeacha kufanya kazi kama ofisi. Sasa inafanya kazi kama seli. Mimi, Katibu wa Idara, nimeagizwa kueleza mafanikio.

Chanzo ni semina ya Morogoro, mwaka 1996. Mkuu wetu, Bwana Hermenegildi, alisikia kwa mtaalamu kwamba ndani ya seli kuna kiini kinachotunza maelekezo yote, na hakitoki nje kamwe. Kikitaka jambo, hutoa nakala iitwayo RNA. Nakala huvishwa kofia kichwani na mkia nyuma, hupita mlango wenye walinzi, na huko nje husomwa na mafundi wanaounda protini. Protini nazo hubandikwa anwani: nyingine huingia kiini, nyingine huenda mitokondria, yaani mashine za nguvu za seli. Mkia wa nakala huzidi kufupishwa. Ukiisha, nakala huvunjwavunjwa.

Bwana Mkuu alirudi amebadilika. "Katibu," akaniambia, "kumbe hata Mungu alianza na urasimu."

Tulitekeleza mara moja. Chumba chake kikawa Kiini. Mlangoni akawekwa Sayi, Msukuma mwenye kifua kama kabati na asiyejua utani. Tarishi Fulgensi akavishwa kofia nyekundu na mkia wa kamba ya katani, na kila meza aliyopita wakamkata kipande. Watu wa sokoni walimzomea, "Nyani huyo!" Tulitoka na kipaza sauti kuwaelimisha kwamba si nyani, ni RNA. Wakamzomea, "RNA huyo!" Hayo nayo ni mafanikio.

Ndipo akaja Mama Balbina kutoka Masagati, kule mbele ya Mlimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata mkanda mpya wa mashine yetu ya kukoboa, nimeambiwa umefikia hapa kwenu. Tangu ule wa zamani ukatike tunatwanga kwa kinu. Wajawazito wanatwanga, vikongwe wanatwanga. Mabega yamekufa."

"Pole. Lakini mkanda ni protini ya mashine, na protini ya mashine haikai ndani ya Kiini."

"Si ule pale, mkuu wako kaukanyaga?"

Nikatazama. Kweli, Bwana Mkuu alikuwa ameufanya pa kuwekea miguu.

"Kwa macho upo," nikakubali. "Kisayansi haupo."

Tukamtuma Fulgensi na amri, isomwe ofisi ya kata ya Lumemo, ithibitishwe ile ya Kisawasawa, ndipo mkanda utolewe. Mkia ukaisha kabla ya Kisawasawa, amri ikafa njiani. Tukaanza upya. Ukaisha tena. Tuliendelea kwa ari hiyo hiyo mpaka katani ikaadimika Ifakara nzima. Mama Balbina, aliyefikia kwa shemeji yake kule Lumemo, akawa anakuja kila asubuhi kukaa kwenye benchi la nje.

"Mwanangu, mnanichezea?"

"Tunakuhudumia, mama."

Siku moja ikafika habari kwamba mgeni mkubwa wa kutoka Dar es Salaam yuko kivukoni, anatafuta mtu wa kumpandisha cheo. Bwana Mkuu akavaa koti, akaenda mlangoni. Sayi hakusogea.

"Kiini hakitoki nje, mzee."

"Sheria hiyo nimeitunga mimi!"

"Shikamoo. Hakitoki."

"Nakufukuza kazi!"

"Sawa, mzee. Amri ivae kofia na mkia, ikasomwe Lumemo. Ikinifikia, naondoka."

Bwana Mkuu akaniangalia. Nikamvisha kofia ya Fulgensi, ili apite kama nakala. Katani hakuna. Nikainama chini ya meza, nikautoa mkanda wa mashine na, najivunia kusema ushauri ulikuwa wangu, nikamfunga kiunoni. Akatoka kwa hadhi kubwa, mkia ukiburuzika.

Mama Balbina akainuka kwenye benchi, akaukanyaga.

"Huu ndio wangu."

"Mama, niachie mkia, nachelewa!"

"Mtu mzima unavaa mkanda wa watu! Huoni haya?"

Akavuta. Fundo likafunguka, maana nilisomea utawala, sikusomea kufunga mafundo. Akauzungusha begani, akashika njia ya stesheni ya TAZARA bila kuaga.

Bwana Mkuu alikimbia hadi kivukoni na kofia tupu. Maofisa wa pale, aliowafundisha mwenyewe, wakamzunguka, wakamtazama nyuma, wakamwambia mgeni, "Huyu hana mkia. Hasomeki." Mgeni akavuka kwenda Mahenge. Bwana Mkuu aliporudi ofisini, Sayi akamkagua: anayeingia Kiini lazima awe na anwani. Hana. Sasa anakaa kwenye benchi la Mama Balbina, akisubiri suala lake lisomwe Lumemo.

Huko Masagati, tunaambiwa, mashine inaunguruma. Hayo pia tumeyaandika kwenye mafanikio.

Kwa kuwa Kiini hakiwezi kubaki tupu, nakaimu mimi. Kiti ni kizuri. Ila tangu asubuhi mama lishe wa ng'ambo ya barabara anakaanga samaki, na wali wake umeshaiva. Harufu inapita mlangoni bila kofia wala mkia. Nimeinuka. Nimevaa koti.

"Shikamoo, Mkuu," anasema Sayi. "Hakitoki."