Kidude cha Mama Shingoni Mwangu

Jumatatu, 3 Machi

Dada amekuja na mumewe. Hawakuja kusalimia, wamekuja na boksi. Mama ameanguka mara mbili tangu mwaka uanze: mara moja kizingitini, mara moja kwenye ngazi ya jikoni. Ana miaka sabini na nane na bado anabishana na ngazi.

Ndani ya boksi mna kidude cha kuvaa shingoni. Shemeji ameeleza kwamba Mama akianguka, kidude kinahisi chenyewe na kumpigia Dada simu. Aliongea nusu saa. Mimi niliambulia taa ya kijani tu.

Kisha Dada akatoa hukumu. Yeye ni muuguzi, amezoea kutoa amri. Kikilia mara tatu mwezi huu, Mama anahamia kwake na nyumba inafungwa. Mimi niende wapi? Hakusema. Nina miaka arobaini na sita, na yote nimeishi humu. Shemeji alicheka chinichini. Nilimwona!

Kabla ya kuondoka ametandika mkeka wa mpira bafuni ili Mama asiteleze. Anajipendekeza huyo.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata akili! Kidude hakiwezi kulia kama kimevaliwa na mtu asiyeanguka. Nani haanguki humu ndani? Mimi.

Nimemwambia Mama kwamba kidude lazima kwanza kizoeshwe joto la mwili wa mtu wa nyumbani. Amenitazama juu mpaka chini. Akasema haya mwanangu, vaa. Saa nne asubuhi kiko ndani ya shati langu. Shemeji na utaalamu wake wote!

Saa nane mchana. Balaa. Nilijitupa kwenye kiti changu baada ya kula, kama kila siku. Shati likaanza kuongea! Sauti ya mwanamke ikaniuliza kama nimeanguka, na kama niko salama nibonyeze kitufe. Kitufe kipi? Nikabonyeza taa. Dada akapiga simu anahema. Nikamwambia Mama amekaa kwa kishindo kidogo. Akasema hiyo ni moja.

Sielewi. Tangu lini kukaa ni kuanguka?

Jumatano, 5 Machi

Nimeshuka kitandani. Basi, hilo tu. Dada amepiga: mbili.

Watu wengine wanashukaje kitandani?

Jioni akapiga tena, safari hii analia. Kidude kinamtumia ripoti. Mama ametembea hatua mia tatu kwa siku nzima, amelala mchana kwa saa tatu nzima, na hata akitembea anapepesuka. Dada anasema Mama amezeeka ghafla, hajui kama atamaliza mwaka. Wakati huo Mama alikuwa amepanda juu ya stuli, anafuta vioo vya dirisha huku anaimba.

Ninapepesuka? Mimi?

Alhamisi, 6 Machi

Nimebakiwa na nafasi moja. Nimewaza mpaka kichwa kikauma, kisha nikauchukua mkeka wa bafuni, nikaukunja mara mbili na kuuweka kwenye kiti changu. Nimejitupa mara nne kwa majaribio. Kimya! Shemeji angekuwa na akili hizi angekuwa mbali.

Ijumaa, 7 Machi

Leo naandika yote.

Asubuhi Mama aliteleza bafuni. Mimi nilikuwa kwenye kiti, juu ya mkeka wake, redio nimeifungulia sana, taa ya kijani inawaka kifuani. Aliniita dakika ishirini. Nilipomkuta, kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba na mwili umempoa kwa maji. Hakunifokea. Aliuliza tu mkeka umekwenda wapi. Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu.

Nikakimbilia kumwinua. Nikakanyaga sabuni. Nikaanguka kando yake, puu! Shati likaanza kuuliza maswali yake. Safari hii sikubonyeza kitu.

Tukakaa sakafuni tunamsubiri Dada. Mama akasema habari ya joto la mwili hakuiamini hata dakika moja. Alikubali kwa sababu naye hataki kuhama, na kwa sababu hajui mimi nitakula nini akiondoka. Nililia. Akanipigapiga mgongoni kwa mkono mzima.

Jumamosi, 8 Machi

Kikao cha familia. Mkono haukuvunjika, umeteguka tu. Nimekiri karibu yote.

Dada alimwambia Mama asimame kwa mguu mmoja. Mama akasimama, akauliza aushushe lini ule mwingine. Akamwambia akae na kuinuka mara tano bila kushika kitu. Safi kabisa. Kisha ikaja zamu yangu. Sijui ilikuwaje. Nilishika pazia, likaja na fimbo yake.

Hukumu mpya: Mama anabaki, ila avae kidude chake mwenyewe. Shemeji amenivika na mimi changu kipya, na wala hakuficha meno. Kila siku nifanye mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja. Ripoti yangu isipopanda kwa wiki mbili, Dada atajua siwezi kumwangalia mtu, na Mama atahama.

Jumapili, 9 Machi

Nimesimama kwa mguu mmoja mara moja. Inatosha.

Nimekaa nikatafakari kwa dhati, na kosa langu nimeliona. Tulikuwa watu wawili, kidude kimoja! Ndiyo maana hesabu ziligongana. Sasa viko viwili, vinafanana kama mapacha. Mama akivaa changu, ripoti yangu itapanda mpaka Shemeji akose usingizi. Mimi nikivaa chake, Dada ataona Mama anapumzika vizuri, kama alivyoagiza. Kila mtu atafurahi. Sijui kwa nini sikuliwaza mapema.

Mama anaoga. Nimesimama mlangoni na kidude changu mkononi, akitoka tu namvika.