Mshenga Wangu Yuko kwenye Dripu

Ijumaa, 13 Juni
Kesho posa kwa kina Notburga, nesi wa chumba cha dharura. Lazima iwe kesho, maana Jordan muuza simu naye anamtaka, anatafuta mshenga. Wangu ni mjomba Jeremia, aliyenilea. Tatizo: ana aibu kama bibi harusi! Mbele ya watu huangalia vidole vya miguu. Nimepata dawa. Gongo kidogo kabla ya kwenda, ulimi utafunguka.

Jumamosi, 14 Juni
Kidogo kilizidi. Mjomba kaanguka sebuleni kwangu na tai yake shingoni. Nikammwagia maji, na baridi hii ya Songea! Nikamnywesha kahawa, ikamtokea puani. Jirani Zuhura akapiga kelele nimlaze ubavu, nimkimbize hospitali. Nikakataa. Notburga yuko zamu! Kisha midomo ya mjomba ikabadilika rangi. Mungu wangu! Bajaji.

Hospitali nikasema malaria imempanda kichwani. Notburga akanusa, akanitazama. Akamlaza ubavu, akahesabu pumzi, akapapasa kichwa kuona kama ameumia. Akauliza amekunywa nini, kiasi gani. Nikasema panadol. Akamtoboa kidole: malaria hana, sukari imeshuka mno. Akamwekea dripu na oksijeni. Akaniambia kahawa haiondoi pombe, inampalia tu mtu asiyejitambua, na uongo wangu umemchelewesha. Nililia kwenye benchi. Nalia hata sasa.

Jumapili, 15 Juni
Mjomba kaamka! Kamwona Notburga, kaitoa posa yote palepale, kwa maneno matamu, wodi nzima ikisikiliza. Notburga akauliza nani alimpa gongo. Mjomba kanitaja kwa jina langu la ubatizo.

Jumatatu, 16 Juni
Baba yake Notburga kakataa. Kasema hamwozi binti yake kwa muuaji wa washenga. Jordan kakaribishwa chai. Nimekwisha.

Jumatano, 18 Juni
Baba yake Notburga kakubali kunisikiliza nikiomba radhi, leo jioni. Mjomba hataki hata kuniona. Nimepata mshenga mpya, Bakili, fundi cherehani, Mwislamu safi, pombe haijui hata kwa harufu. Nani kasema sijifunzi? Ila anamwogopa yule mzee hadi anatetemeka. Nimempa kidonge cha usingizi cha bibi yangu, kimoja tu. Hakutulia, nikamwongeza. Sasa katulia vizuri sana, hata salamu haitikii.