Habari za Zuhra binti Khalfan na Draivu ya Kitangari

Tegeni masikio, enyi watu wa uwanda wa juu, ninyi wa Newala, nanyi mliobaki kule Masasi kwenye majabali! Wekeni chini ndoo, zimeni redio, mwenye kikohozi na akohoe sasa amalize, maana habari hii ni nzito na mimi sirudii. Namnena Zuhra binti Khalfan, fundi umeme wa Kitangari, mshika bisibisi, mtuliza nyaya, mwanamke aliyepata kupigwa shoti akairudishia matusi.

Katika zama hizo kina mama wa Kitangari walikuwa na mashine ya kubangulia korosho, na mashine hiyo ilikuwa dhalimu. Mota yake ilijua mwendo mmoja tu, mwendo wa hasira. Ukibonyeza swichi iliruka, ikazibamiza korosho ndani ya pipa, zikatoka vipande vitupu. Hata Bi Ethel wa Lulindi, mnunuzi wao wa pekee, akaleta neno kwamba Alhamisi atakuja kujionea mwenyewe, na asipoona korosho nzima atahamia Lupaso. Kina mama wakashika tama, kwa kuwa ada za watoto zilikuwa humo.

Ndipo Zuhra aliposimama kikaoni akanena, "Mota haina kosa, imekosa wa kuiongoza. Tununue draivu, chombo kinachoipimia mota umeme, iende polepole au upesi kwa amri yetu!" Wengi walitaka mashine mpya. Aliyemtetea ni mwenyekiti, Bi Somoe, mama mzazi wa Tahiri, mume wa Zuhra, mwanamke ambaye akipaza sauti hata kuku huondoka barazani.

"Mkwe wangu amesema," akatamka, na kikao kikafungwa.

Basi shujaa akashuka Masasi, akaingia dukani kwa Reginald, naye akamtolea draivu ndogo, nyeupe, yenye taa za kupendeza. "Dada, hii inatosha kabisa. Wote wanachukua hii."

Lakini Zuhra alikwisha kuandika kiganjani maneno ya kibati cha mota. "Mota yangu hula ampea kumi na moja," akanguruma, "na hii yako hutoa saba! Je, mlaji wa sahani nzima utamwandalia kijiko?" Reginald akainama chini ya kaunta, akaibuka na nyingine, nene, ya kijivu, isiyo na urembo wowote. Zuhra akaipakata kupanda mlima wote wa Newala, na abiria aliyeomba kuiwekea mguu alijuta.

Alhamisi asubuhi akaifunga ukutani, akiiachia nafasi juu na chini ipate kupumua. Akaunganisha nyaya. Mota ikazunguka kinyumenyume; akahamisha nyaya mbili, ikatubu. Akaiamuru ianze taratibu, nayo ikaanza taratibu, kina mama wakapiga vigelegele hadi mbuzi wa jirani wakajibu. Shujaa akaenda kunawa, moyo ukimchezacheza kwa furaha.

Aliporudi, Bi Ethel alikwisha kuketi mkekani. Mashine ilikuwa ikinguruma kwa adabu. Na juu ya draivu, lahaula! Bi Somoe alikuwa ameifunika kwa kitambaa chake bora cha kufuma, chenye tausi wawili, kilichotiwa wanga kikakauka, kile kinachofunika televisheni yake. Kila kitu cha thamani hufunikwa; hivyo ndivyo alivyolelewa, na hii ilikuwa heshima kuu.

Mashine ikazimika. Zuhra akachungulia chini ya tausi: kioo kilikuwa kimeandika alama ya joto. Bi Ethel akaanza kutafuta kandambili zake.

Majemadari wamekabili mizinga, sawa. Lakini nani amepata kumvua mama mkwe kitambaa chake mbele ya mgeni? Zuhra akajaribu hila kwanza.

"Mama, kitambaa kizuri hiki, tumtandikie mgeni."

"Mgeni ana mkeka, mkwe wangu. Kiache hapo, kimependeza."

Hila ikafa. Mguu mmoja wa Bi Ethel ulikuwa tayari ndani ya kandambili. Zuhra akapiga goti, akavuta pumzi, akasema yote.

"Mama yangu, uliyenitetea mbele ya watu wote! Chombo hiki huvuta hewa kama wewe na mimi, na kitambaa chako kimekiziba pua. Kikibaki, korosho hazitoki. Nimesema, unisamehe."

Bi Somoe akamtazama mkwewe, akatazama tausi, kisha akakivua kitambaa kwa mkono wake, akakitia begani.

"Mbona televisheni haijawahi kulalamika?" akauliza, akaangua kicheko.

Draivu ikapoa. Zuhra akabonyeza, mota ikaamka polepole, na korosho zikaanza kuteremka nzima, nyeupe, moja baada ya nyingine. Bi Ethel akavua kandambili, akaitisha magunia.

"Sasa umejua kusema," akanena Bi Somoe, mkono kiunoni. "Miaka yote unakula kwangu kimya. Haya, mchuzi wangu je?"

Kina mama wakaacha kazi. Zuhra binti Khalfan, mshindi wa Masasi, akapiga goti tena.

"Chumvi, mama. Inazidi."

Vigelegele vilivyopanda hapo vilisikika Newala mjini, na wazee wa tarehe na waandike: tangu siku hiyo Kitangari hubangua korosho nzima, na mchuzi wa Bi Somoe unalika.