Tuachieni Risasi za Kumkosa Ndege

Drevenhagen, Sauerland
Wiki ya Sikukuu ya Walenga Shabaha

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Madini Yenye Sumu,

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wasaidizi wako wote, na kwamba utaisoma ukiwa umekaa. Mimi ni Gisbert Klöckener, katibu wa Chama cha Walenga Shabaha cha Drevenhagen, na mtunzaji wa lile sanduku kubwa la chuma linalopokea risasi nyuma ya ndege wetu wa shabaha. Nimesikia redioni kwamba mnakusudia kupiga marufuku risasi zetu za zamani, zile za madini ya risasi, na kwamba badala yake tutumie za shaba. Mwenyekiti wetu, Bwana Reinhold, ni mtu anayetii sheria hata kabla haijatungwa. Keshanunua za shaba, kreti nzima, na ametangaza kwamba ndizo zitakazotumika Jumatatu ya sikukuu. Ndipo nikashika kalamu. Sisi si watu wa kulalamika ovyo. Mara ya mwisho tulilalamikia kengele ya kanisa, na haki ilikuwa yetu.

Malalamiko yenyewe ni haya:

1. Mmesema ndege wa porini humeza vipande vya madini hayo wakidhani ni changarawe, kisha wanakufa. Habari hiyo imetusikitisha sana. Lakini ndege tunayempiga sisi ni wa mbao. Seremala humchonga kila mwaka, humpaka rangi, humvika taji, nasi tunampandisha juu ya mlingoti. Tangu nimfahamu hajawahi kumeza kitu.

2. Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana watu wa mjini hulielewa jambo hili kinyume. Anayemwangusha ndege huwa mfalme wetu kwa mwaka mzima. Huvaa mkufu mzito wa fedha, huchagua malkia, huwalisha na kuwanywesha wanakijiji wote pamoja na bendi, na bendi yetu inakunywa. Kukataa kwenda kupiga ni aibu. Kumwangusha ni balaa. Kwa hiyo kila mwanamume wa Drevenhagen hufundishwa na baba yake kukosa. Si kukosa hovyohovyo, Mheshimiwa! Ni kukosa kwa heshima: unatulia, unabana pumzi, unachubua kibanzi kimoja tu kwenye bawa, watu wanasema "Aaah!", nawe unatikisa kichwa kwa masikitiko unarudi kwenye bia yako. Marehemu baba aliweza kumnyoa ndege huku na huku bila kumtikisa. Kazi ya namna hiyo inataka risasi unayoijua tabia yake, na sisi tunaijua ile ya zamani.

Kule Oberschledde, ng'ambo ya kilima, hawana ustadi wowote. Ndege wao huanguka kabla pipa la kwanza halijafunguliwa. Mkitaka ushauri, tuulizeni sisi, msiwaulize wale.

3. Sasa nifike kwenye uchungu wenyewe. Mwaka huu, kama miaka yote, tumeamua kumwachia ndege Bwana Engelbert mwenye bucha. Engelbert ndiye mtu pekee hapa anayeutaka ufalme, na ameutaka tangu akiwa mtoto wa kaptula. Kwa bahati mbaya ndiye pekee pia anayekosa bila kufundishwa. Kila sikukuu tunamchonga ndege kwa risasi, kwa uangalifu mkubwa, mpaka kinabaki kipande kinachoning'inia kwenye msumari, kisha tunampisha Engelbert. Anapiga. Anapiga tena. Bia inakwisha, bendi inarudia wimbo uleule, na mwishowe kile kipande kinaanguka kwenye zamu ya mtu asiye na hatia. Mwaka jana alikuwa daktari wa meno aliyekuja likizo kuvuta hewa safi. Maskini, alilia.

Kanuni zetu zinasema mfalme asiwe ametimiza miaka sabini, na Engelbert anaitimiza Novemba. Jumatatu hii ndiyo ya mwisho kwake. Mkewe, Walburga, ameshashona gauni la kijani. Juzi nilipoingia buchani Engelbert alinishika bega katikati ya soseji, akaniuliza, "Gisbert, ndugu yangu, niambie ukweli. Mnaniachia kweli, au mnanicheka tu?"

Nikamwambia, "Tunakuachia, mzee. Hata upepo tumeshauambia."

Akacheka mpaka akajifuta macho kwa aproni. Nilitoka pale na soseji ambazo sikuziomba. Nampenda sana mzee yule, na ningekuwa na uwezo ningempandia mlingoti nikamwangushia ndege kwa mkono.

4. Jumamosi tulizijaribu za shaba kwa ndege wa mazoezi. Hazina adabu hata kidogo. Reinhold mwenyewe, bingwa wetu wa kukosa, alilenga pembeni, upande wa kulia, kama alivyozoea, kwa nia njema kabisa. Bunduki ikalia, ndege akapasuka kifua. "Mungu wangu, nimempata!" akapiga kelele. "Jamani, samahani, sikukusudia!" Mkewe alikuwa amesimama papo hapo, mikono kiunoni. "We mwanamume," akamwambia, "si miaka yote unaniambia una jicho bovu?" Wilfried wa posta akalenga pembeni zaidi, akamkata ndege bawa. Mimi nikalenga pembeni mno. Sitaki kuandika nilichokipiga, ila taji halipo tena. Kwa kifupi, Mheshimiwa, hatuwezi tena kukosa. Jumatatu mmoja wetu atamwangusha ndege kabla Engelbert hajafika mstarini, na yule mzee ataishi maisha yake yaliyobaki bila kuuvaa ule mkufu.

4. Ndoa. Mke wangu, Mechthild, ameshatoa tamko: "Ukirudi na mkufu shingoni, Gisbert, utalala nao hukohuko kwenye banda la trekta. Mimi gauni la umalkia sivai, na bendi nzima siipikii." Wake wenye msimamo huo hapa ni wengi. Wanaume wakianza kuwa wafalme kwa ajali, mabanda hayatatosha.

(Naona namba nne nimeiandika mara mbili. Wapo watakaosema ni yale madini yameshaniingia kichwani. Nimeyazoa kwa mikono yangu kutoka kwenye sanduku tangu ujana, na kumbukumbu yangu haina kasoro.)

6. Taifa. Wanaume wasipoweza kukosa, hawatakuja kupiga. Wasipokuja kupiga, hakuna sikukuu. Pasipo sikukuu bendi itapiga matarumbeta majumbani. Ng'ombe watazuia maziwa. Vijana watahamia mjini, na mjini, Mheshimiwa, ndiko unakoishi wewe. Watapanga ghorofa ya juu yako. Watakuja na matarumbeta.

Kwa hiyo tunaomba kwa unyenyekevu kwamba sheria yenu iongezwe kifungu kimoja kidogo: risasi za zamani ziruhusiwe kwa yule tu asiyekusudia kupiga kitu. Anayekusudia kupiga atumie shaba, na shauri yake. Nia ya mpigaji itathibitishwa na mke wake, ambaye huijua kuliko yeye. Kama mna wasiwasi, tuleteeni mkaguzi siku ya Jumatatu. Tutampa kiti cha mbele, soseji na bia, lakini hatutampa bunduki, kwa usalama wake mwenyewe.

Sumu tunaiogopa kama mnavyoiogopa ninyi. Tunachoogopa zaidi ni uso wa Engelbert.

Nisalimie wote wa idarani, anayepokea simu, anayefagia, na yule aliyeandika sheria, ambaye hatuna kinyongo naye. Mechthild anawasalimu. Reinhold anawasalimu kwa aibu.

Ni mimi katika utiifu, na kwa haraka kidogo,

Gisbert Klöckener
Katibu

Baada ya sahihi: Barua hii niliisahau kwenye mfuko wa koti la sikukuu, na Jumatatu imeshapita. Naituma kwa sababu stempu nilikwisha kuibandika, lakini naomba usome kila hoja kinyume chake.

Asubuhi ile Reinhold alituita nyuma ya hema akasema, "Wazee, nimeziona hizi za shaba. Zinakwenda kushoto. Mwenye kutaka kukosa amlenge ndege mwenyewe, katikati ya kifua." Tukafanya hivyo. Mheshimiwa, tulikosa kwa raha ambayo baba zetu hawakuijua! Tulimlenga waziwazi, mbele ya wake zetu, bila hila yoyote, na hatukumbandua hata rangi. Mechthild alinipigia makofi.

Lakini ndege alimfikia Engelbert akiwa mzima, na taji lake kichwani, nami nikaingiwa na baridi, kwa kuwa hapa hakuna aliyewahi kumwangusha ndege mzima. Na katika furaha yetu tulikuwa tumesahau kumwambia mzee habari ya kushoto. Basi akapiga kama anavyopiga siku zote, na Engelbert siku zote huvuta kulia. Kulia kwake na kushoto kwa ile shaba vikakutana shingoni mwa ndege, penye msumari. Ndege akashuka mzima mzima.

Engelbert akashusha bunduki, akautazama mlingoti mtupu, akatugeukia sisi.

"Nani kampiga?" akauliza.

Walburga ndiye aliyemwendea, akamvua kofia, akamshika mashavu.

"Ni wewe, mume wangu," akamwambia. "Ni wewe."

Nililia mbele ya watu wote na sioni haya. Zile za zamani zipigeni marufuku, Mheshimiwa, na msichelewe.